Nyumba imeingia maji: upepo, feni, kiyoyozi au mashine ya kunyonya unyevu?

Maji yakishatoka ndani na tope likishazolewa, ubishi huanza. Mmoja anasema fungua kila kitu upepo upite. Mwingine anasema funga, washa kiyoyozi. Wa tatu ameona video ya watu wenye mabuti wakipanga mashine sebuleni, naye anauliza zinakodishwa wapi. Kila mmoja ana kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba video nyingi za aina hiyo zimepigwa kwenye nyumba za fremu za mbao na kuta za bodi za jipsamu, ambako fundi anakata kipande cha chini kilicholowa, anakitupa na kubandika kipya. Nyumba ya Kigogo, Tandale, Tegeta au Msasani Bonde la Mpunga ni habari nyingine: matofali ya simenti, lipu, zege chini, bati juu, na nje hewa nzito ya bahari.

Ulinganisho huu ni wa nyumba ya namna hiyo, na mfano wangu ni Dar es Salaam, mji ulioshiba mafuriko. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilifurika mpaka baadhi ya wakazi wakahamishiwa Mabwepande. Aprili 2018 barabara ya Jangwani ikawa mto. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zikapokewa na masika ya 2024 kabla watu hawajamaliza kukausha magodoro. Aliye Tanga, Zanzibar au Mombasa anaweza kutumia hesabu hizi karibu zilivyo, maana hewa yetu ni moja.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa nyumba nyingi za hapa, siku za mwanzo upepo unaishinda mashine, na baadaye fedha ya mashine ina kazi bora zaidi kwenye kuchubua ukuta. Lakini kipo chumba ambacho mashine inashinda waziwazi, na tutakifikia.

Kabla ya yote, sabuni na fundi umeme

Maji ya mafuriko ya mjini yamepita kwenye mashimo ya vyoo, mitaro na gereji. Ukikausha ukuta ukiwa na tope, umeukausha pamoja na vyote hivyo. Tope litolewe likiwa bado bichi, kuta na sakafu zisuguliwe kwa maji safi na sabuni, kisha zipakwe maji ya jiki yasiyozidi kikombe kimoja, yaani karibu robo lita, kwa takribani lita nne za maji. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala kisafishio chenye amonia. Gesi inayotoka inaunguza mapafu, na watu huwa wameinama kwenye chumba kidogo.

Soketi iliyozama haiwashwi kwa kubahatisha. Zima swichi kuu, fundi umeme afungue soketi na masanduku yote yaliyoguswa na maji, ndipo mjadala wa feni na kiyoyozi uanze. Na usikae wiki ukingoja: kitu kikibaki kimelowa, ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48.

Ukuta umekunywa maji kiasi gani?

Hesabu hii ndiyo inayoamua mengine yote. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3. Maji yamefika kimo cha mita 1, na ukuta ni wa tofali la inchi sita, yaani sentimita 15. Mzunguko wa kuta ni mita 12. Zidisha kwa kimo na unene, unapata ukuta uliolowa wa mita za ujazo 1.8. Sasa sema sehemu moja tu ya kumi ya ujazo huo ni maji, na hapo nimekadiria kwa huruma, kwa sababu tofali la mtaani lililopunguziwa simenti lina matundu kama sponji. Hizo ni lita 180. Ndoo tisa kubwa za maji zimo ndani ya kuta za chumba kimoja, na sakafu hatujaigusa.

Kwa hiyo mtu anapokuambia nyumba imekauka kwa sababu sakafu inang'aa na ukuta hauchuruziki, muulize ndoo zile tisa zimekwenda wapi.

Upepo

Watu wengi wanaamini hewa ya usiku ya Dar ina maji mengi na ya mchana ni kavu. Kwa vipimo vya unyevu ni kweli: alfajiri ya Mei inaweza kusoma nyuzi joto 24 na unyevu wa asilimia 92, na alasiri ya siku hiyo hiyo nyuzi 31 na asilimia 62. Lakini piga hesabu ya maji yenyewe. Ya alfajiri ina kama gramu 20 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ya alasiri nayo ina kama gramu 20. Hewa ni ile ile. Kilichobadilika ni joto, na hewa ya moto ina nafasi zaidi ya kupokea mvuke.

Ndani ya chumba kilichotoka kufurika, chenye nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 95, kila mita ya ujazo ina gramu 24 na ushei. Ina maana hewa ya nje, iwe ya alfajiri au ya alasiri, inaingia na gramu 20 na kutoka na 24. Chumba chetu chenye kimo cha mita 2.7 kina mita za ujazo 24. Upepo ukikibadilisha hewa mara kumi kwa saa, jambo linalowezekana kabisa dirisha na mlango vikikabiliana, karibu lita moja ya maji inatoka kila saa. Hujanunua uniti hata moja. Mashine ya lita 20 kwa siku haifikii hapo.

Ndiyo maana siku za kwanza nasema fungua usiku na mchana, kama usalama unaruhusu. Nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati ina bahati yake hapa: mlango wa mbele na wa uani vikiwa wazi, korido inavuta hewa kutoka kila chumba. Toa wavu wa dirisha mchana, maana wavu wenye vumbi unakaba upepo kuliko watu wanavyodhani, urudishe magharibi kabla mbu hawajakaribia. Vioo vya luva vinafunguka karibu dirisha lote. Dirisha la alumini la kusukuma, lile ambalo kila nyumba mpya inalo, hata ulifungueje linakupa nusu tu. Kama fundi anaweza kuchomoa kioo kimoja kwa wiki mbili, mwache achomoe.

Sasa udhaifu wake. Kadiri ukuta unavyokauka, unyevu wa ndani unashuka kuukaribia wa nje. Ukifika gramu 20 ndani, ukiwa na nyuzi 27, kipimo kinasoma asilimia 78 hivi, na upepo hauna tena cha kubeba. Asilimia 80 ndipo ukungu unapoanza kustawi juu ya ukuta. Upepo wa pwani unakuteremsha mpaka mlangoni pa salama, unakuachia hapo. Kuanzia hatua hiyo, fungua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wakati bati limepasha nyumba, kisha funga. Bati linalotutesa mchana hapa linalipa fadhila.

Feni

Feni haiondoi hata tone. Inachofanya ni kufukuza ile hewa nzito iliyogandamana na ukuta, ili maji yatoke haraka zaidi. Kama chumba kimefungwa, mvuke huo unazunguka humo humo na kutua kwenye kabati. Feni ni msaidizi wa dirisha, na pia msaidizi wa mashine. Peke yake ni kelele.

Kati ya pangaboi na feni ya kusimama, ya kusimama ina faida. Pangaboi linapuliza katikati ya chumba, wakati pembe za chini, ambako ndiko kulikolowa, zinabaki na hewa mfu. Ile ya kusimama iweke chini, uilaze ipulize sambamba na ukuta, uihamishe kila baada ya saa chache. Kwenye chumba kisicho na upepo wa asili igeuze iangalie nje dirishani. Kusukuma hewa mbaya itoke kunafaa kuliko kuivuruga ndani.

Feni ya wati 60 ikiwaka siku nzima inakula uniti 1.4. Nikihesabu uniti kwa shilingi 350 hivi, ni kama shilingi 500. Hakuna kifaa cha umeme kwenye orodha hii kinachoikaribia kwa faida ya kila shilingi.

Kiyoyozi

Kiyoyozi kinatoa maji kweli. Kile cha BTU 12,000, kikifanya kazi mfululizo kwenye chumba chenye unyevu mwingi, kinaweza kutoa karibu lita moja kwa saa. Huna haja ya kuniamini: nenda nje, weka ndoo chini ya ule mpira unaodondosha maji. Pima ndoo asubuhi na jioni. Ndoo ikianza kupungua siku hadi siku wakati madirisha yamefungwa, chumba kinakauka. Kwa watu wasio na kipimo cha unyevu, ndoo hiyo ni kipimo kizuri sana.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza kinapoza, na ukuta wa baridi hautoi maji kwa kasi. Anayeweka nyuzi 18 akidhani anakausha zaidi anajidanganya: chumba kinakuwa baridi, ukuta unashika maji yake, na siku ukifungua dirisha hewa ya nje inatoa jasho juu ya ukuta huo. Weka 26 au 27, au tumia ile hali yenye alama ya tone la maji kwenye rimoti. Pili ni gharama, tutaiona kwenye jedwali.

Na kuna jambo ambalo watu hulisahau. Sehemu ya ndani ya kiyoyozi huwa juu, imepona, lakini ile ya nje mara nyingi imewekwa chini kwenye zege. Kama ilizama, usiiwashe mpaka fundi aipitie.

Mashine ya kunyonya unyevu

Hii ndiyo inayofika pale ambapo upepo hauwezi. Chumba kilichofungwa vizuri inakishusha hadi asilimia 55 au 60, mchana na usiku, bila kukipoza; inatoa hata joto kidogo, na ukuta unapenda hivyo. Kwa joto letu chagua yenye kompresa. Zile zinazotumia dawa ya kufyonza zinakula umeme zaidi, na ubora wake unaonekana sehemu za baridi.

Angalia jinsi lita zinavyoandikwa kwenye boksi. "Lita 20 kwa siku" kwa kawaida imepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Chumba kikianza kukauka, kipato kinashuka, pengine hadi nusu. Tangi la ndani ni la lita chache, likijaa mashine inajizima, nawe umelala. Funga mpira umwage nje. Na vile vimashine vidogo vya ukubwa wa birika vinavyouzwa mitandaoni kwa jina hilo hilo vinatoa chini ya nusu lita kwa siku. Kwa ukuta wenye lita 180, hesabu mwenyewe utamaliza lini.

Sharti lake kubwa ni mlango. Ukiiwasha dirisha likiwa wazi, unakausha Bahari ya Hindi. Nyumba yenye matundu ya hewa juu ya kila dirisha, mwanya chini ya mlango na bati lisilo na dari haifungiki, na mashine pale ni mapambo. Chumba ninachokisema mimi ni kile chenye dari nzima, madirisha ya kioo yanayoshika, na mlango mmoja: chumba cha kulala cha nyumba ya kisasa, ofisi, stoo ya dawa au ya vitabu, ghorofa ya chini ya jengo la maduka. Humo mashine inashinda, na haina mpinzani ukishapita wiki ya kwanza.

Tahadhari nyingine ni kwa walio bondeni. Baada ya mafuriko maji ya ardhini hukaa karibu na sakafu kwa wiki kadhaa. Kama zege lilimwagwa bila nailoni chini, kila lita unayoivuta juu inafuatwa na nyingine kutoka ardhini. Unalipia umeme kuukausha mto. Subiri maji ya kisima au ya mtaro jirani yashuke kwanza.

| Njia | Maji yanayotoka | Umeme kwa saa 24 | Dirisha |
|---|---|---|---|
| Upepo wa kupita | Karibu lita 1 kwa saa mwanzoni, kisha hufifia | Hakuna | Wazi |
| Feni ya wati 60 | Haitoi, inaharakisha | Uniti 1.4, kama sh 500 | Wazi, au limefungwa kama kuna mashine |
| Kiyoyozi cha BTU 12,000 | Hadi lita 1 kwa saa | Hadi uniti 24, kama sh 8,400 | Limefungwa |
| Mashine ya lita 20, wati 350 | Lita 10 hadi 15 kwa hali halisi | Uniti 8.4, kama sh 2,900 | Limefungwa |

Aliye kwenye daraja la umeme nafuu, lile la uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba mashine peke yake inazimaliza kwa siku tisa. Kabla ya kununua, ongeza hilo kwenye bei.

Jiko la mkaa, gesi, na vifuko vya kabatini

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili ukuta ukauke: hapana, na hapa sina ulinganisho wa kufanya. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka haina harufu na inaua. Jenereta nayo ikae nje, mita sita au zaidi kutoka dirishani. Jiko la gesi, mbali na hatari hiyo, linaongeza maji: kila kilo ya gesi inayoungua inazalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Mafuta ya taa hali ni hiyo hiyo.

Vifuko vya kufyonza unyevu vinafaa ndani ya kabati la nguo lililokwisha kukauka. Basi.

Ukutani ndiko kwenye kazi

Mpaka hapa nimelinganisha namna ya kuondoa maji hewani. Lakini maji lazima yatoke ukutani kwanza, na ukuta mwingi wa mjini umevikwa koti la mvua. Rangi ya mafuta ile inayong'aa, inayopakwa mita moja ya chini ili alama za vidole vya watoto zifutike, ndiyo mbaya kuliko zote. Wiki chache baada ya mafuriko utaona malengelenge yamevimba. Toboa moja kwa msumari: maji yanachuruzika, tena yana rangi ya chai. Hapo nyuma ya rangi ukuta ni mbichi kama siku ya kwanza, na umekuwa ukiwasha feni kuipulizia rangi.

Kwa hiyo chaguo la kweli ni hili: kuacha lipu na kusubiri, au kuichubua.

Lipu ya simenti iliyopakwa rangi ya maji ya kawaida, bila skimu, yaani ule upako laini wa juu ya lipu, inapumua kwa kiasi. Ikigongwa kwa kifundo cha kidole na ikajibu kwa sauti nzito, iache. Kwangua rangi kwa brashi ya waya upande wa chini, ipe upepo na muda. Ikijibu kwa mlio wa ngoma, imekwisha kuachana na tofali, na kati yake kuna maji na matope, itoe.

Ukuta wenye skimu ya jipsamu hauna mjadala mrefu. Jipsamu ikilowa inageuka uji, ikikauka inabaki chaki inayomomonyoka, na ukungu unaipenda. Kwangua yote mpaka kwenye lipu, upande juu ya alama ya maji kwa sentimita 30 hivi, kwa kuwa maji hupanda ndani ya ukuta zaidi ya mstari unaouona.

Rangi ya mafuta, itoe. Vigae vya ukutani sebuleni au koridoni, vile vilivyokuwa fasheni, navyo ni koti la mvua. Kama upande wa pili wa ukuta uko nje na una lipu ya kawaida, unaweza kuviacha ukuta ukaukie huko. Kama pande zote mbili zina vigae, toa upande mmoja. Najua inauma.

Kuchubua lipu ya chini kimo cha mita moja kunaacha tofali tupu likitazama upepo, na hapo tofauti na kusubiri inaonekana kwa macho. Kazi yenyewe ni nyundo, patasi, viroba na kijana mmoja mwenye nguvu. Ukiweka gharama hiyo pembeni ya bei ya mashine, utaelewa kwa nini nimesema fedha ina kazi bora zaidi ukutani. Lipu mpya nayo isiharakishwe: tofali likipigwa lipu likiwa bado bichi, chumvi iliyoyeyuka ndani itasafiri na maji hadi usoni na kuichubua tena, na utaona ule unga mweupe ambao watu huupaka rangi juu kila mwaka bila kuumaliza.

Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, za Mji Mkongwe au Mji wa Kale wa Mombasa, ni somo jingine. Kuta zake ni nene, zinakunywa sana na zinakauka polepole, lakini chokaa inapumua pande zote. Kosa linaloziua ni fundi kuja na simenti kuziba sehemu iliyolegea; simenti inafungia maji ndani na chokaa ya nyuma yake inaoza. Rudisha chokaa kwa chokaa. Nyumba ya miti na udongo ukuta wake wa chini ukishalainika haukaushwi, hutegemezwa kwanza paa lisianguke, kisha sehemu hiyo inajengwa upya.

Vitu vya ndani, kwa haraka

Godoro la sponji lililolowa maji ya mafuriko litupwe, hata kama juani linaonekana zuri, ndani halisafishiki. Sofa ya kitambaa vivyo hivyo, isipokuwa fremu yake ni ya mbao ngumu na una fundi wa kuivisha upya. Kabati la mbao za unga zilizobanwa likishavimba miguu halirudi. Mlango wa mninga au mvule unapona: ukaushe kivulini, umelazwa juu ya vipande vya mbao, usiuanike juani ukapinda. Wenye kile kipimo cha sindano cha unyevu wa mbao wasitafute asilimia 12 waliyoisoma kwenye maelekezo ya nje. Kwenye hewa ya asilimia 80 mbao inatulia karibu na 16, na haishuki hata usubiri mpaka Idi.

Ipakwe rangi lini?

Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi yote. Kipimo kisicho na gharama: kata nailoni safi mraba wa sentimita 45, ibandike ukutani au sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote bila mwanya, iache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Ukikuta matone upande wa ndani, uliogusa ukuta, maji bado yanatoka. Ukikuta upande wa nje tu, hiyo ni hewa ya chumbani, na dawa yake ni dirisha. Rudia sehemu ya chini na ya juu, na pembeni mwa chumba.

Sakafu inachelewa kuliko ukuta. Kwa kanuni ya mafundi, zege la juu hukauka kama milimita moja kwa siku hewa ikiwa nzuri. La sentimita 5 ni karibu miezi miwili, na masika si hewa nzuri. Ndiyo maana kati ya kupaka rangi Mei na kupaka rangi mwishoni mwa Julai, mimi ningechagua Julai bila kufikiri mara mbili: mvua zimekatika, kusi imeshika, na hewa ina mvuke mdogo. Aliyefurika vuli angoje jua la Januari na Februari. Katikati hapo chokaa nyeupe iliyokorogwa kwa maji inatosha kufanya chumba kikalike, kwani inapumua na haipendwi na ukungu. Rangi ya mafuta usiirudishe kabisa upande wa chini.

Kama umepanga

Dirisha, feni, kuosha na kusogeza makabati mbali na ukuta ni vyako. Nyundo ni ya mwenye nyumba. Usichubue lipu ya mtu kwa nia njema halafu ukatwe kwenye amana; mwiteni fundi mkiwa wote, agonge ukuta mkisikia, mkubaliane nani analipa lipu na kama kodi ya mwezi huo itapunguzwa. Mashine ya kunyonya unyevu, ukiinunua mpangaji, angalau unahama nayo. Na ule mstari wa tope ukutani unaoonyesha maji yalifika wapi upigwe picha yenye tarehe, pembeni yake kuna rula au ndoo, kabla brashi haijaugusa, maana ukishausugua mwenye nyumba atakumbuka maji yaliyoishia kwenye kifundo cha mguu.